Vita vya Majimaji havikuishia bunduki zilipokaa kimya

Swali lenu la wiki hii, kwamba dokumentari na tamthilia za TV zinatuonyesha vita vya enzi ya mkoloni jinsi vilivyokuwa au la, mimi najibu hapana, na najibu kama mtu wa Songea. Majimaji, vita vya babu zetu dhidi ya Wajerumani kuanzia 1905 mpaka 1907, kwetu siyo sura ya kitabu, nimekua napita pale makumbusho nikienda shule na kila mwisho wa mwezi wa pili nawaona wazee wamekusanyika kuwakumbuka walionyongwa na Wajerumani.

TV inapenda zile dakika za bunduki basi. Chukua Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905. Kipande chenyewe huwa ni kilekile, watu wanalivamia boma la Wajerumani kwa mikuki, bunduki zinalia, wanaanguka, msimulizi anasema waliamini dawa itageuza risasi kuwa maji halafu unawekwa muziki wa huzuni, na anayeangalia anabaki na wazo kwamba babu zetu walikufa kwa ushirikina tu. Haisemwi kwamba mle bomani kulikuwa na bunduki mbili za rasharasha. Haisemwi pia kwamba waliokuja kupiga boma hawakuelewana saa ya kushambulia, kundi moja likatangulia na lingine likaja kutokea upande mwingine wenzao wameshapigwa, hilo ni kosa la mpango wa vita ambalo jeshi lolote duniani linaweza kulifanya. Na Kinjikitile Ngwale wanamwonyesha kama mganga wa kutikisa kibuyu, wakati ile dawa yake ya kule Ngarambe ndo iliyowaweka pamoja Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga mpaka Wangoni, watu ambao wengine walikuwa wanavamiana zamani. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti, yaani Mahenge inapigwa yeye ameshakufa na vita ndo kwanza vinasambaa. Hiyo peke yake si tamthilia nzima jamani?

Lakini panaponiuma zaidi ni baada ya hapo. Wajerumani walipoona watu wameingia porini na hawakamatiki wakabadili mbinu, wakachoma mashamba, wakachoma maghala, wakabeba chakula. Njaa ndiyo iliyoua watu wengi kuliko risasi, wanahistoria wengine wanasema waliokufa walikuwa 75,000, wengine wanafika mpaka 300,000, na Wazungu waliokufa upande wa Wajerumani ni 15. Bibi yangu alikuwa akisimulia vita vile hataji bunduki kabisa. Alikuwa anasimulia alivyoambiwa na mama yake kwamba mchana moto hauwashwi, moshi usije ukaonekana, na kwamba walichimba mizizi porini kwa sababu hata mbegu za kupanda walishazila. Nimeangalia dokumentari nyingi, sijawahi kuona hata moja inayoonyesha mama anazuia watoto kuwasha moto.

Vita vya kwanza vya dunia navyo hivyohivyo. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 wanayaonyesha vizuri, na nyuki waliowashambulia askari wanapewa muda wao, ila wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi mpaka wakafa njiani kwa maelfu na maelfu kwa kuhara na malaria na njaa hawana sura wala sauti, wakati Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi majina yake yametokana na hao hao Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza. Halafu wale askari wa Mjerumani wenyewe wengi walikuwa Waafrika, ningependa nione mtu anathubutu kutengeneza tamthilia ya askari mweusi anayechoma ghala la mweusi mwenzake na usiku anakula chakula kilekile alichokibeba humo.

Rais wa Ujerumani Steinmeier alipokuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha, kamera zilijaa, na mimi nilifurahi sana kwa kweli. Ila siku ile walipiga picha shada la maua wakaondoka. Nawaomba watengenezaji wetu, wa hapa hapa nyumbani, waje tena bila rais, wakae na wazee wiki nzima, waulize watu walikula nini mwaka 1906 na 1907, nani alirudi kijijini na nani hakurudi, na filamu ianzie kwenye lile jiko lisilowashwa mchana.