Rangi kupotea si maji kuwa safi

Ndugu, umeuliza kama maji ya kutia rangi vitambaa, ambayo bakteria wako wameyatoa wekundu kwa siku mbili, sasa unaweza kuyamwaga mtoni. Usimwage bado.

Rangi nyingi za nguo ni za kundi la azo: atomi mbili za naitrojeni zilizoshikana kwa kifungo maradufu, na hapo ndipo kwenye kiini cha rangi. Pasipo oksijeni, bakteria hukikata kifungo hicho na maji yakang'aa. Vinavyobaki ni amini za aromatiki, yaani vipande vya rangi vyenye naitrojeni. Huzioni kwa macho, na baadhi yake husababisha saratani. Wengi hujidanganya hapa. Hata mimi niliwahi kushangilia chupa ya maji yaliyopoteza rangi.

Kwanza funga chupa kabisa hewa isiingie, uwape bakteria molasi au glukosi kidogo, maana rangi peke yake haiwashibishi. Kisha hamishia maji kwenye chombo cha pili na upulize hewa, bakteria wengine wazishughulikie hizo amini. Si zote zitakubali, kwa hiyo zipimwe maabara.

Tena, angalia pH (kipimo cha asidi au magadi ya maji) na chumvi mapema. Maji ya kiwandani huwa na magadi na chumvi tele, na bakteria waliozoea maisha ya maabara hulegea humo siku ya kwanza tu.