Re: Nimeteuliwa mkuu wa idara, nianzie wapi?

Salaam mkuu, na hongera (au pole, utajua mwenyewe wiki ya mitihani). Unasema umekabidhiwa idara chuoni juzi, wazee wawili waliokufundisha wamekununia, na hujui uanze na lipi.

Anza na mzigo wa vipindi. Nilipoteuliwa mimi, hapa hapa Dar, nilikimbilia kuandika mpango mkakati. Wiki ya tatu wanafunzi wakajaa mlangoni: kozi ya mwaka wa pili haina mwalimu, mwenyewe yuko masomoni na hakuna aliyeandika popote. Niliingia darasani na noti za kuazima. Kwa hiyo chukua karatasi, orodhesha kila kozi, nani anafundisha, saa ngapi kwa wiki. Halafu ulizia madai ya malipo ya walimu wa muda yamekwama kwa nani, maana mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30.

Hao wazee wafuate ofisini kwao, usiwaite kwako. Shikamoo kwanza, faili baadaye. Wangu mmoja alilainika siku nilipomwomba anipitie rasimu za mitihani kabla hazijaenda kwa mtahini wa nje (mkaguzi wa mitihani asiye wa chuo chetu). Alizirudisha zimejaa wino mwekundu, na tukanywa chai.

Vyuo binafsi sijafanya kazi, aliyepita huko aongezee.