Barua kwa mwanangu Zaituni, kuhusu jina na mengineyo

Mwanangu Zaituni,

Barua yako imefika, na makala yako mdogo wako amenichapia kwenye karatasi, maana macho yangu na simu hayapatani. Unauliza kama uweke jina lako halisi kwenye hiyo habari ya wapangaji Weusi na walinzi wa jengo lenu, au utumie jina la kubuni kama Ida B. Wells, yule mwandishi wa magazeti Mweusi wa Marekani, alivyotia saini "Iola" ujanani. Unasema kila asubuhi basi lako linapita kwenye barabara waliyoipa jina lake hapo Chicago. Vizuri. Ila nilipomaliza kusoma, jina halikunishughulisha. Kilichonishughulisha ni kilichomo ndani.

Unajua ninachosema siku zote, na ndugu zako hupenda kuniigiza: tarehe, mahali, nani, kiasi gani. Mtu Mweusi akilalamika ataambiwa ana hasira. Akitaja tarehe, itabidi atafutiwe jibu. Bibi Wells alilijua hilo. Kundi la Wazungu lilipomuua rafiki yake Thomas Moss na wenzake wawili wa duka la vyakula kule Memphis, Machi 1892, hakuishia kulia. Alikusanya hesabu za waliouawa namna ile kutoka kwenye magazeti ya Wazungu wenyewe, mwaka hadi mwaka, akawawekea mezani. Nani atamwita mwongo wakati takwimu ni za Chicago Tribune?

Mimi hayo nimeyarithi kwa babu yako. Jumapili manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, walikuja barazani kwetu Muheza kuandikiwa barua, sumuni kwa barua. Kazi yangu ilikuwa kushika karatasi ya kukaushia wino na kulamba stempu. Siku moja akaja kijana wa Kigoma na kipande chake. Wewe wayajua kwa bibi yako: kadi ya siku 30 za kazi, siku usiyotimiza mafungu ya mkonge haikuandikwa, na isiyoandikwa haikulipwa. Yeye alikuwa ametimiza, na bado siku 4 hazikuandikwa. Alieleza kwa sauti ya juu, akasimama, akaketi, akasimama tena. Akasema meneja wa Kizungu alimwita nyani mbele ya wenzake, akakitupa kipande chake mavumbini. Babu yako akachovya kalamu, akaandika: siku fulani, mafungu kadhaa, nyapara fulani alikuwepo. Karatasi haikujaa, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kulia. Ikaenda ofisi ya kazi ya Serikali.

Kijana akalipwa siku zake zote 4. Nilipokuwa nawasimulia mkiwa wadogo, kisa nilikimalizia hapo, mnapiga makofi, tunalala.

Ila kijana alirudi kushukuru, akaomba asomewe nakala, maana babu yako aliweka nakala daftarini. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na ile ya nyani?" Babu yako akamjibu kwamba ile haina hesabu, ofisi ingeipuuza. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Mzee, umeandika barua ya siku zangu. Yangu mimi bado." Akaaga kwa adabu, hakutokea tena. Babu yako akafunga daftari, akanituma nikaangalie kama chai imechemka. Nilikuwa nimetoka kuileta chai, ilikuwa mbele yake.

Yule kijana ananichoma mpaka leo. Babu yako alikosea? Sidhani. Siku 4 ni unga, ni nauli. Angelitia lile tusi, wangesema ni fitina, na fedha asingeiona. Halafu nakumbuka mwaka wenyewe ulikuwa 1958, Mwalimu Nyerere ametoka kushitakiwa kwa kashfa kwa sababu ya makala yake katika Sauti ya TANU, jarida la chama chake, juu ya mabwana shauri wawili, wakuu wa wilaya wa kikoloni. Faini shilingi 3,000 au jela miezi sita, akalipa. Kama Nyerere alisimamishwa kizimbani, karani wa duka Muheza aandike nini? Kwa hiyo pengine haikuwa hekima ya hesabu, ilikuwa hofu iliyovishwa koti la hesabu, nami koti hilo nimelivaa maisha yangu yote na kuwavisha ninyi. Lakini tena, baba mwenye nyumba nzima ya watoto akiogopa, ana kosa gani?

Na hata Bibi Wells, si takwimu zilizomvunjia gazeti. Mei 1892 aliandika mistari michache tu kwamba ile habari ya kuwa wanaume Weusi wanauawa kwa kubaka wanawake wa Kizungu ni uongo usioaminiwa na mtu. Wakaivunjavunja ofisi ya gazeti lake, Free Speech, akiwa safarini, akaonywa asirudi Memphis. Tahariri yenyewe haikuwa na jina, na waliotoa vitisho walidhani mwandishi ni mwanamume! Baadaye ndipo alipoandika kwa jina lake wazi na kwenda kuyasema hadi Uingereza. Alifariki 1931. Sheria ya nchi nzima dhidi ya mauaji yale imetiwa saini Marekani mwaka 2022. Hesabu hiyo piga mwenyewe, mimi inanitia uchungu.

Sasa fungua ukurasa wako wa pili. Tarehe zipo, saa zipo, wapangaji Weusi waliodaiwa vitambulisho wapo, na Wazungu waliopita bila kuulizwa wapo. Nimefurahi, nimeuona mkono wa babu yako. Lakini pale mlinzi alipomtamkia neno yule mzee wa ghorofa ya tatu, umeweka nukta tatu. Alisema nini? Na mzee mwenyewe anataka liandikwe? Kamuulize yeye, si mimi wala mhariri wako.

Kuhusu jina nimejiapiza sisemi. Kazi unayo, makaratasi yako ya uhamiaji hayajakamilika, na wenye jengo wana mawakili. Hayo yote yanasema jifiche. Halafu namfikiria yule mzee, ambaye kila mpangaji atamtambua akisoma tu "ghorofa ya tatu", wakati wewe uko nyuma ya Iola wako. Hapo naona nakaribia kusema, kwa hiyo naacha.

Baba yako mdogo nimemsomea makala, akajibu hata kabla sijamaliza: aweke jina! Kwake ni rahisi. Akishafunga duka analala fofofo, anayekesha na simu mkononi ni mimi.

Mama yako