Kipimo cha kinyesi huharibikia wapi

Saratani ya utumbo mpana haina haraka. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, polipu, nacho huchukua miaka 10 hivi au zaidi kabla ya kugeuka saratani. Muda wote huo mwenyewe anakula, anafanya kazi, hana maumivu. Kwa hiyo kipimo humfuata mtu mzima aliye mzima, si mgonjwa.

Miongozo mingi huanzia miaka 50. Marekani ilishusha hadi 45 mwaka 2021. Ambaye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wake aliugua ana hesabu nyingine: aanze na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika ndugu huyo, kipi kitangulie. Mama aligundulika na 46? Mwana aanze na 36, tena moja kwa moja kwa kolonoskopia, yaani kamera kwenye mrija laini inayopitishwa njia ya haja kubwa kukagua utumbo mpana.

Kwa wengine, kianzio chepesi ni kipimo cha damu iliyojificha kwenye kinyesi, kiitwacho FIT. Hiki hutafuta damu ya binadamu tu, hivyo hakuna mwiko wa chakula. Kile cha zamani cha kadi ndicho kinachodai kuacha nyama nyekundu na vidonge vya vitamini C siku 3 kabla. Uliza umepewa kipi.

Kuchukua sampuli ndipo wengi wanapokosea. Tandaza karatasi au weka chombo kikavu, kinyesi kisiguse maji wala mkojo. Pitisha kijiti sehemu kadhaa za kinyesi mpaka mifereji yake ijae, basi. Watu hujaza kichupa kizima wakidhani wanasaidia maabara, kumbe sampuli iliyozidi huweza kukataliwa. Andika tarehe. Kisha ogopa joto: himoglobini, ile sehemu ya damu inayotafutwa, huvunjika, na kichupa kilichoachwa juani kinaweza kusema hakuna damu wakati ipo. Kiweke penye ubaridi, kirudishe ndani ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Aliye hedhini, anayekojoa damu au ambaye bawasiri inavuja asubiri kwanza ikome.

Jibu safi maana yake ni kurudia mwaka ujao, si kusahau. Jibu lenye damu si hukumu ya saratani, lakini linadai kolonoskopia ndani ya miezi michache. Usikubali kurudia kipimo kilekile "kuhakikisha". Polipu huvuja leo na kunyamaza kesho. Cha pili kikija safi, kinaweza kukudanganya. Wala bawasiri isiwe kisingizio: mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mhudumu wa afya ya jamii anayegawa vichupa asihesabu vilivyorudi tu. Daftari lake liwe na safu ya waliokutwa na damu, na nyingine ya waliofika kwenye kolonoskopia. Pengo kati ya safu hizo ndiyo kazi yake halisi.

Mwenye dalili hahusiki na ratiba hii. Damu inayoonekana, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, uzito unaoshuka bila sababu, au upungufu wa madini ya chuma kwa mwanamume au mwanamke aliyekoma hedhi: aende kwa daktari sasa, hata kama FIT ya juzi ilikuwa safi.

Kuhusu kujikinga, sigara, pombe, uzito uliozidi na kukaa sana vyote huongeza hatari. Nyama za kusindikwa kama soseji pia. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikadiria gramu 50 kila siku huongeza hatari kwa asilimia 18. Ila hata asiyegusa hivyo vyote apimwe.

Kolonoskopia yenyewe huharibiwa na utumbo mchafu. Acha mbegu na vyakula vya nyuzinyuzi kama ulivyoelekezwa, vidonge vya chuma takriban wiki moja kabla, na vinywaji vyekundu, maana hufanana na damu. Dawa za kisukari na za kuzuia damu kuganda zipangwe na daktari, usizikatize mwenyewe. Dawa ya kusafisha utumbo kwa kuharisha hunywewa kwa awamu mbili; ya pili ianze muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, na ndiyo watu wanayoikwepa kwa kuchoka. Utajua uko tayari ukitoa maji ya njano yanayopenya mwanga. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, na kabla ya kuondoka omba ripoti iliyoandikwa: utumbo ulisafishika kiasi gani, kamera ilifika mwanzo wa utumbo mpana au iliishia njiani, polipu ngapi zilikatwa na za ukubwa gani, na urudi mwaka gani.