Shangazi, zile mashine si zangu

Shangazi, ile picha niliyoituma kwenye kundi la familia imeniponza. Nimesimama mbele ya mashine za kufulia zilizopangwa ukuta mzima, meno nje kama mwenye duka. Ukauliza mbele ya watu wote: mwenye mashine zote hizo ashindwe kututumia moja hapa Kisauni, Mombasa? Binamu zangu nao wakapalilia. Nimecheka na kukwepa wiki nzima, leo nakujibu.

Zile mashine ni za duka. Unatia pesa, unafua, unaondoka. Humu ninamoishi Chicago hakuna hata moja, wala hakuna pa kuiweka. Ni chumba kimoja na jiko lake, ghorofa ya tatu, jengo la matofali la zamani. Mashine ya kufulia inataka bomba la maji moto, bomba la maji baridi na mahali pa kumwaga maji machafu, na hayo aliyejenga hakuyafikiria. Ya kukaushia ndiyo kabisa: ile ya kawaida ya umeme inataka soketi yake peke yake ya volti 240 na bomba la kutolea joto nje. Soketi zetu za kawaida hapa ni volti 120, kwa hiyo hapo unapochomeka pasi yako pana volti mara mbili ya zangu. Kuna vimashine vidogo vya kuunga kwenye bomba la jikoni, lakini mkataba wangu wa nyumba hauruhusu. Mwenye nyumba anaogopa maji yasimshukie mpangaji wa chini. Kamba ya kuanikia barazani nayo imekatazwa. Eti inaharibu sura ya jengo.

Basi Jumapili navuta kigari changu cha magurudumu mawili hadi dukani. Kwenye barafu kile kigari ni mbuzi, kinataka kuburutwa. Mashine zao zinakula sarafu za senti 25 tu, kwa hiyo kabla ya siku hiyo nipitie benki kuchukua vifungu vya sarafu 40, dola 10 kila kimoja. Kufua dola 4, kukausha kama dola 2, na mimi huwa na mizigo miwili, nyeupe na rangi. Hiyo ni dola 12, zaidi ya shilingi 1,500 zenu. Siku hizi nikiona sarafu ya senti 25 chini ya kiti cha basi nainama bila haya.

Na huwezi kutia nguo ukaenda zako. Siku moja nilitoka kutafuta chai, nikachelewa dakika kumi. Nikarudi nikakuta mtu mwenye haraka zake kazitoa zangu zikiwa mbichi na kuzirundika mezani, chupi juu kabisa, na bibi mmoja wa makamo anasoma gazeti pembeni yake kama hazimo. Hilo sikulipiga picha.

Kanzu yangu ya Idi, ile ya pamba uliyonishonea kwa fundi wa Mji wa Kale, niliitia kwenye ya kukaushia kwa moto mkali. Ilitoka inanigota katikati ya miundi. Nilisema imepotea. Haikupotea Shangazi, nisamehe, ninayo, navaa nikilala.

Tangu hapo nguo nzuri nafua mwenyewe. Najaza beseni refu la kuogea maji ya uvuguvugu, kina cha kiganja kimoja, sabuni ya unga kijiko kimoja (ukizidisha utasuuza mpaka kesho), naroweka nusu saa, halafu naingia na miguu yangu nazikanyaga. Kukamua ndiko kulikonishinda zamani, suruali ya jinzi ikidondosha maji usiku kucha. Mwenzangu kutoka Lamu akanionyesha: tandika taulo kavu, laza nguo juu, zikunje pamoja kama mkeka, kisha simama juu yake. Taulo linakunywa maji mengi. Kutoka hapo naanika kwenye kichanja cha kukunja, mbele ya lile dude la chuma linalopitisha mvuke wa kupasha nyumba joto.

Utashangaa: wakati wa baridi ndio nguo zinakauka upesi. Hewa ya ndani inakuwa kavu hadi midomo inapasuka, kwa hiyo shati la jioni asubuhi liko tayari, na chumba kinapata unyevu kidogo. Mwezi wa saba ndio balaa. Joto limejaa, upepo hakuna, nguo zinakaa siku mbili zikivunda kama zenu za masika mwezi wa tano. Tofauti ni kwamba ninyi jua likiwaka kwa muda wa saa moja tu, mnaanua.

Usiku mmoja wa Januari nilivunja sheria nikatoa leso barazani. Asubuhi ilikuwa imeganda, ngumu kama bati. Niliishika pembe moja ikasimama wima, jina lake linasomeka vizuri, nikaileta ndani chini ya kwapa kama ubao wa madrasa.

Mashine siwezi kutuma. Ila binamu anayekuja Septemba mwambie aniletee vibanio vya nguo vya mbao vya sokoni Marikiti, dazeni mbili. Nilivyonunua hapa ni vya plastiki na vimebaki vitatu.