Kupiga picha ndege wa bustanini wakati wa kipupwe: maswali yenu na majibu yangu

Tangu mwezi wa Juni uanze, barua nyingi zinazonifikia zinalalamikia jambo moja: ndege wapo bustanini, kamera ipo mkononi, lakini picha zinatoka nyeusi, zimetikisika au zimejaa chengachenga. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na zilizofanana nimezijibu pamoja.

*Msomaji wa Limuru anauliza: Huku kwetu ni mawingu matupu tangu asubuhi hadi saa saba mchana. Je, nisubiri jua litoke ndipo nipige picha?*

Usisubiri. Msimu huu upepo wa kusi huleta hewa baridi yenye unyevu, nayo ikipanda miinuko ya mashariki hufanya lile wingu zito la chini ambalo watu wa Limuru na Nairobi wanalijua vizuri. Wingu hilo hutawanya mwanga sawasawa, kwa hiyo hakuna kivuli kikali chini ya mdomo wala jicho lililozama gizani. Kwa mnana, shore na chiriku, mwanga huu unashinda kabisa jua la saa sita la mwezi wa Januari, na nasikitika kila ninapoona watu wakifungia kamera kabatini miezi mitatu mizima.

Shida yako, nadhani, ni anga jeupe nyuma ya ndege. Kamera hupima weupe huo, ikadhani mwanga umezidi, ikamfanya ndege awe kama kipande cha mkaa. Ongeza mwangaza kwenye kamera hatua moja hadi mbili (+1 hadi +2), au, kilicho bora zaidi, sogea mpaka nyuma ya ndege kuwe na ua wa michongoma badala ya anga. Kasi ya shata, yaani kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga, isishuke chini ya 1/500 ya sekunde kwa ndege aliyetua, na iwe 1/1000 kwa anayerukaruka, hata kama itabidi ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600 au 3200. Chengachenga zinaweza kupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, lakini picha iliyotikisika haina dawa.

Chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, ndiye anayehitaji maarifa ya ziada. Mng'ao wa manyoya yake hautokani na rangi iliyomo ndani bali na umbo la unyoya wenyewe unavyorudisha mwanga, kwa hiyo huonekana kwa pembe fulani tu. Juma lililopita nilimtazama chozi dume wa rangi ya shaba, yule mwenye mkia mrefu, akinyonya maua ya mshubiri umbali wa hatua nne kutoka kwangu. Kwa dakika kadhaa alikuwa mweusi tii. Kisha aligeuza kichwa kuchunguza ua la juu, na paji lake likawaka kijani kwa muda usiofika sekunde moja, likazimika. Usipige anapozamisha mdomo ndani ya ua. Mngoje atoe kichwa na kugeuka, kisha ubonyeze mfululizo.

*Wasomaji wa Thika, Mwanza na Nakuru wanauliza: Ninunue kamera gani?*

Swali hili linaletwa kila mwezi bila kutaja fedha uliyo nayo, umbali wa ndege wako wala kamera unayoitumia sasa, na likiletwa hivyo halijibiki. Anza na kamera uliyo nayo, na ukiweza kupata lenzi ya milimita 300, hata iliyotumika, itakutosha kwa bustani ya kawaida. Fedha inayobaki nunua darubini, kwa sababu asiyemjua ndege hawezi kujua atatua wapi. Walio Nairobi wana bahati ya pekee: Nature Kenya, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1909, huandaa matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi. Asubuhi moja pamoja na watu wanaojua kutega sikio itakufundisha mambo ambayo lenzi mpya haifundishi.

*Msomaji wa Arusha anauliza: Nimepakua sauti ya kurumbiza kwenye simu. Nikiicheza anakuja mpaka karibu kabisa, na nimepata picha nzuri. Rafiki yangu anasema ninakosea. Kuna ubaya gani?*

Rafiki yako amekuambia kweli, na ninakusihi umsikilize. Kurumbiza dume anaposikia sauti ya dume mwingine ndani ya eneo lake, anachokuja kutafuta ni ugomvi. Anaacha kula, anaacha kulinda jike wake, anazunguka kila kichaka akimsaka adui asiyekuwapo, na kwa kuwa hamwoni hawezi kumshinda wala kumkimbia. Wakati wa kipupwe madhara huongezeka. Ndege mdogo ameunguza akiba yake ya mafuta usiku kucha ili asife kwa baridi, na saa ya kwanza ya mwanga ndiyo saa yake ya kujaza tumbo. Wewe unamnyang'anya saa hiyo hiyo.

Niliwahi kuwakuta watu watano katika bustani moja ya umma wamezingira kichaka kimoja, kila mmoja na simu yake ikipiga sauti ile ile. Ndege alikuwa akivuka kutoka upande huu kwenda ule, mdomo wazi, mabawa yamelegea, kwa karibu nusu saa. Niliwaomba waache, na wawili wakakubali. Nilirudi juma lililofuata na lile lililofuata, lakini sikumsikia tena mahali pale.

Kurumbiza hula ardhini, akipekua majani makavu chini ya vichaka kutafuta wadudu. Mwambie anayefagia bustani aache majani hayo. Weka karibu sahani pana ya maji, kina chake kisizidi vidole viwili, uisafishe na kubadilisha maji kila siku ili isizalishe mbu. Kaa mahali pamoja, saa ile ile, ukiwa umevaa nguo zile zile zisizong'aa, kwa muda wa juma zima. Kwa kawaida, kufikia siku ya tano au ya sita atakuwa amekuzoea, na picha utakayopata itamwonyesha akiishi maisha yake na si akitafuta vita.

Nitaongeza jambo ambalo hukuuliza. Wapo wanaokata majani yanayofunika kiota ili mwanga uingie. Majani hayo ndiyo yanayowaficha makinda wasionwe na kunguru na mwewe, na ndiyo yanayowakinga na mvua na jua. Picha za viota msiniletee, kwa maana sitazitazama.

*Msomaji wa Njombe anauliza: Asubuhi yenye baridi kali sioni ndege hata mmoja. Wanakwenda wapi?*

Wengi wao hawajaenda popote. Wametulia vichakani, manyoya wameyatutumua, wakihifadhi joto. Badala ya kutoka saa kumi na mbili na nusu, subiri jua lipasue, kisha utafute kuzumburu, wale ndege wa kahawia wenye kishungi na mikia mirefu wanaokula matunda na machipukizi na kuwakasirisha wenye bustani. Usiku hulala wamekumbatiana kama kichala. Jua likitoka hujipachika kwenye tawi, miguu juu usawa wa mabega, wakaanika matumbo yao juani bila kusogea kwa dakika nyingi. Kwa anayejifunza sijui ndege aliye rahisi kuliko huyu: ametulia, yuko juani, na wenzake wanne wako kando yake. Wala usiwafukuze kwa sababu ya mapapai machache.

*Msomaji wa Nairobi anauliza: Mbona wale mbayuwayu niliowapiga picha mwezi wa Desemba wametoweka?*

Ikiwa ni mbayuwayu wa Ulaya, wako Ulaya wakilea makinda, na watarudi kuanzia Septemba na Oktoba.

*Msomaji wa Iringa anauliza: Nina simu tu. Je, nijaribu au niache?*

Jaribu, lakini usivute picha kwa vidole, kwa sababu hapo unakata picha tu na kuikuza. Weka sahani ya maji hatua mbili kutoka dirishani, zima taa ya chumbani, futa kioo, gandisha simu kwenye kioo ili kisirudishe sura yako, kisha ujifiche nyuma ya pazia. Na tafadhali, msibadilishe anga la kijivu kuwa la buluu kwa programu za simu. Picha ya mwezi wa Julai ionekane ya mwezi wa Julai.

*Msomaji aliyehamia Leicester kutoka Mombasa anauliza: Majira ya baridi yaliyopita picha zangu zote za theluji zilitoka za kijivu, na betri ilikufa baada ya muda mfupi. Nifanye nini mwaka huu?*

Theluji huidanganya kamera kama linavyoidanganya anga jeupe la Limuru, kwa hiyo nawe ongeza hatua moja hadi mbili. Mwezi wa Desemba huko jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kutua karibu saa kumi alasiri, basi tumia vizuri saa zile za katikati. Anza na robini, mwenye kifua cha rangi ya chungwa, kwa maana yeye hulinda eneo lake hata wakati wa baridi na humkaribia mtu anayechimba bustani. Ukining'iniza chakula cha ndege, kisafishe chombo chake kila juma, kwa sababu vyombo vichafu vimesaidia kueneza ugonjwa wa koo ambao umewaua chiriku wa kijani wengi sana nchini Uingereza tangu miaka ya 2000. Usiwape mabaki yenye chumvi.

Betri ya akiba iweke kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, uzibadilishe ya kwanza inapopoa. Na kabla ya kuingia nyumbani, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache humo hadi ipate joto la chumba, ili umande ugande juu ya plastiki badala ya lenzi.