Chipu mpya ya kompyuta ya injini haiwashi gari

Swali: Gari langu la mwaka 1991 lina kompyuta ya injini yenye chipu ya kumbukumbu ya 27C256. Nimenakili data yake kwenye chipu tupu ya 27C512, lakini starta inazungusha injini bila kuwaka. Nikirudisha chipu ya zamani, inawaka. Je, nakala ni mbovu? Na je, ninaweza kubadilisha taimingi ya cheche mwenyewe?

Jibu: Ndugu msomaji, inaelekea nakala yako ni nzima, ila imekaa mahali ambapo kompyuta haiisomi. Chipu ya zamani hubeba baiti 32,768 na hiyo mpya 65,536. Zote zina pini 28 na huingia soketi ileile, lakini pini ya 1 ndiyo inayozitenganisha: kwenye 27C256 ni ya umeme wa kuandikia, na chipu inaposomwa garini kwa kawaida huwa imeunganishwa na volti 5, ilhali kwenye 27C512 pini hiyohiyo ni A15, laini ya juu kabisa ya anwani. Volti 5 hapo humaanisha kwamba kompyuta husoma nusu ya juu peke yake, kuanzia anwani 8000 ya heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), nayo ni tupu, yaani FF, thamani ya baiti isiyoandikwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Andika faili lilelile kuanzia 8000 pia. Huhitaji kufuta kwanza, kwa kuwa nusu hiyo haijaguswa.

Kuhusu taimingi, ndiyo, inawezekana, lakini nakusihi usiharakishe. Cheche hupangwa katika jedwali la kasi ya injini dhidi ya mzigo, na kila kisanduku ni baiti moja ya 0 hadi 255, ambayo haiwi nyuzi (digrii) za cheche mpaka ujue kanuni ya kompyuta yako: 40 si lazima iwe nyuzi 40. Ukiwahisha cheche kupita kiasi kwenye mzigo mkubwa, injini hugonga (mafuta hulipuka vibaya ndani ya silinda), na pistoni zinaweza kutoboka, hasa ikiwa gari halina sensa ya kugonga ambayo ingeichelewesha cheche. Kompyuta nyingi pia hujumlisha baiti zote na kulinganisha jumla hiyo na ile iliyohifadhiwa, kwa hiyo ukibadilisha hata kisanduku kimoja bila kuirekebisha jumla hiyo, taa ya injini inaweza kuwaka, au kompyuta ikaingia katika hali ya dharura.

Chipu ya zamani itunze bila kuiandika. Kama ina kidirisha cha kioo, kibandike lebo isiyopitisha mwanga, maana miale ya urujuanimno ndiyo inayofuta data yake.